SOMO: Kuomba ufadhili wa uzamili na uzamifu, hatua kwa hatua (someni kabla ya kuniuliza tena)

Kila ifikapo Oktoba, inboksi yangu hujaa swali lile lile: "Mkuu, ile skolashipu ya Ujerumani inaombwaje?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza kilichomo humu nitamtajia namba ya hatua tu. Walengwa ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho na wahadhiri wasaidizi wa vyuo vikuu vya hapa Kenya: Maseno, Masinde Muliro, Jaramogi, Kibabii, Egerton na majirani zao.

1. Jua unafaa wapi. Wengi huanza na nchi: "Nataka Uingereza." Anza na masharti. Chevening, ya serikali ya Uingereza, inadai saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, kisha lazima urudi nyumbani kwa miaka 2. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ina programu nyingi. Ile ya EPOS, ya kozi zinazohusu maendeleo, ambayo ndiyo wengi mnaiulizia, inataka angalau miaka 2 ya kazi na shahada uliyoipata si zaidi ya miaka 6 iliyopita, na maombi unayapeleka moja kwa moja kwenye kozi. Kama umehitimu juzi na hujafanya kazi, hizo mbili ziache kwanza. Tazama Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ambako unasoma katika nchi zaidi ya moja na posho ni euro 1,400 kwa mwezi. Au Türkiye Bursları, ya serikali ya Uturuki: uzamili uwe chini ya miaka 30, uzamifu chini ya 35, na dirisha lake kwa kawaida ni Januari 10 hadi Februari 20.

2. Pasipoti. Omba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha nenda ofisi ya uhamiaji Kisumu, Nakuru au Eldoret. Nairobi hakuna haja.

3. Majina. Toa kitambulisho, cheti cha KCSE (cha kidato cha nne), cheti cha chuo na pasipoti, vipange mezani, usome herufi kwa herufi. Kitambulisho kinasema Mary Achieng Atieno, KCSE inasema Achieng Mary, chuo kimeandika Acheing. Kosa la chuo lirekebishwe na msajili kabla hujachukua cheti, kwa sababu baada ya mahafali utazungushwa. Tofauti nyingine itengenezee hati ya kiapo kwa wakili. Fomu zote zijazwe kama pasipoti ilivyo.

4. Hati ya matokeo. Ile ya tovuti ya mwanafunzi haikubaliki. Wafadhili wanataka yenye muhuri na sahihi. Kama una alama zinazokosekana, anza kuzifuatilia leo. Nenda kwa mhadhiri wa somo lenyewe, kisha mwenyekiti wa idara, kisha mratibu wa mitihani, na kila unapopita acha barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo pale koridoni hayana ushahidi.

5. Barua za mapendekezo. Hapa tulieni, maana ndipo mimi nilipoangukia mara ya kwanza, na ndipo naona wengi wakiangukia. Siku hizi mifumo mingi haitaki barua ipitie mikononi mwako. Unaandika anwani ya mhadhiri, mfumo unamtumia kiungo, yeye anapakia barua mwenyewe. Sasa, kiungo kikiingia kwenye barua taka hakuna atakayekuambia. Wewe umeshabonyeza "tuma" na umelala usingizi, kumbe maombi yako hayajakamilika. Kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako kila baada ya siku chache uangalie kama barua imefika.

Onyo: tumia anwani ya chuo ya mhadhiri, si ya Gmail, kwa sababu wafadhili wengine huikataa. Lakini kwanza muulize kama huwa anaifungua! Kuna maprofesa ambao anwani yao ya chuo haijaguswa tangu waajiriwe.

Onyo la pili: usimfuate mkubwa asiyekujua. Barua ya naibu chansela isemayo "ni mwanafunzi mwenye nidhamu" haina uzito mbele ya barua ya msimamizi wako wa mradi anayeeleza kwamba ulikusanya data mtaani Nyalenda, Kisumu, wakati wa mvua na ukaichambua mwenyewe. Mpe angalau mwezi mmoja. Mpelekee karatasi moja yenye jina la kozi, tarehe ya mwisho, alama zako katika somo lake na mambo mawili uliyofanya ambayo angependa kuyakumbuka. Akikuambia "andika mwenyewe nitatia sahihi," mshukuru, kisha mwombe kwa adabu aandike walau aya moja kwa maneno yake. Barua mbili zenye mtindo wa mtu mmoja hugundulika upesi.

Na jamani, usimpigie Profesa saa tatu usiku Jumapili. Mtumie ujumbe, jitambulishe kwa jina na mwaka uliosoma kwake.

6. Maelezo ya nia. Futa sentensi inayoanza na "Tangu utotoni". Usiniambie unapenda mazingira. Niambie ulipima nini kwenye gugumaji la ziwani pale Dunga, ulipata nini, na ni swali gani lilikushinda kwa sababu chuo chako hakina kifaa. Hilo swali ndilo sababu ya kozi hiyo na si nyingine.

7. Wasifu. EPOS wanataka muundo wa Europass (kiolezo cha wasifu cha Ulaya), wenye sahihi ya mkono. Wino, si jina lililochapwa.

8. Tuma mapema. Saa sita usiku ya Berlin wakati wa baridi ni saa nane usiku kwetu. Usingoje saa hiyo ukiwa na bando la kukopa.

Kwa wahadhiri, kwa kifupi. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika, ni ya uzamifu wa afya ya umma na idadi ya watu kwa waajiriwa wa vyuo wanachama, na Chuo Kikuu cha Moi ni kimojawapo. Ukiwa umesajiliwa uzamifu hapa nyumbani, tazama ule ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaokuruhusu kukaa Uingereza hadi miezi 12 ukitumia maabara na maktaba zao, kisha unamalizia hapa. Pia ulizeni ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chenu kuhusu ziara fupi za kufundisha chini ya Erasmus+. Nafasi huwa zipo, ila matangazo hubandikwa kwenye ubao usiosomwa na mtu.

---

Mtoto_wa_Kondele: Asante mkuu. Naomba link ya DAAD, na mwisho ni lini?

Mwandishi: Hatua ya 1. Kila kozi ina tarehe yake.

Mtoto_wa_Kondele: Sasa si ungesema tu tarehe.

Mwandishi: Kozi ni nyingi. Ukinitajia yako nitakusaidia kuisoma. Hujanitajia.

Dada_Lurambi: Nimesoma ualimu, Kiswahili na Dini. Naona hizi ni za watu wa sayansi. Sisi tuna mlango?

Mwandishi: Upo dada, na wengi hawaujui. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, wana programu ya FLTA ya walimu wa lugha: unafundisha Kiswahili katika chuo cha Marekani kwa miezi 9, na huku unasoma masomo machache. Umri ni 21 hadi 29. Haitoi shahada, ila ukirudi barua yako ya mapendekezo inaandikwa na mtu aliyekuona darasani ukifundisha wageni. Fuatilia matangazo ya ubalozi wao. Huku nyumbani, andaa makala kutokana na mradi wako. Idara ya Kiswahili ya Moi ina jarida la Mwanga wa Lugha. Halafu vyama vya Kiswahili, CHAKAMA cha Afrika Mashariki na CHAUKIDU cha kimataifa, huandaa makongamano. Kuomba nafasi ya kuwasilisha unapeleka ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ukurasa mmoja tu. Unatafiti nini?

Dada_Lurambi: Majina ya matatu za Kakamega na lugha ya makondakta.

Mwandishi: Hiyo ni ikisiri tayari! Nitumie rasimu, nitaisoma.

Fizikia_Njoro: Kuna ofisi mjini Nakuru wanataka elfu kumi na tano kunijazia fomu ya Uturuki. Wamesema wana mtu ndani. Nilipe?

Mwandishi: Usilipe. Maombi ni bure na hayana wakala. Hata nenosiri lako usiwape.

Kijana_wa_Bunge: Somo zuri ila ukweli ni kwamba haya mambo ni ya kujuana. Bila godfather hutoki.

Mwandishi: Waliochagua maombi ya wenzetu wako Ulaya na hawamjui baba yako wala wangu. Ulishawahi kutuma mangapi yaliyokamilika? Uliza swali, tutajibizana vizuri.

Saiba_ya_Getini: Nawaongezea. Mimi huskani vyeti vya hawa vijana kila siku. Skani kwa rangi, si nyeusi na nyeupe, la sivyo muhuri wa bluu unaonekana kama doa. Msipige picha kwa simu mkiwa mmesimama juu ya karatasi, kivuli cha kichwa kinaingia. Faili lipewe jina lako na aina ya hati, siyo "scan0047". Na mkitumia kompyuta yangu, tokeni kwenye akaunti zenu! Nimekuta pasipoti za watu kwenye "Downloads" tangu mwaka jana.

Mwandishi: Hili la kivuli ningelitengea hatua yake. Asante sana kaka.

Mwl_Msaidizi_Bondo: Naanza uzamifu mwakani. Nataka niwe na makala kabla ya kuomba. Kila siku napata barua pepe za majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku tatu.

Mwandishi: Zifute, mwalimu. Siku tatu hazitoshi hata kwa mhakiki mmoja kusoma kwa makini. Angalia jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, na umwulize mkutubi wa chuo. Kwa msaada wa uandishi, AuthorAID hukuunganisha na mtafiti mzoefu bila malipo. Fungua ORCID leo, ni namba ya mtafiti ya tarakimu 16 inayokufuata hata ukibadili chuo au jina. Na kabla ya kuingia nyanjani, chukua kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, kwa sababu majarida mengi yatakuomba namba ya kibali pamoja na barua ya kamati ya maadili. Kukipata baada ya data kukusanywa hakusaidii.

Mwl_Msaidizi_Bondo: Kamati yetu ya maadili hukaa kwa nadra sana.

Mwandishi: Basi peleka pendekezo mapema, na umwulize katibu wao tarehe ya kikao kijacho kabla hujapanga safari ya nyanjani.

Nyota_ya_Bungoma: IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ni lazima? Ni pesa nyingi.

Mwandishi: Inategemea kozi. Baadhi ya vyuo hukubali barua ya msajili inayosema ulisoma shahada yako kwa Kiingereza. Soma ukurasa wa kozi, kisha waandikie barua pepe uulize hasa hilo, ukitaja kwamba umesoma Kenya. Jibu lao lihifadhi. Ndipo ujue kama utalipia mtihani au utapanga foleni kwa msajili.