Mbwa Mchanga Anapotapika: Angalia Maji ya Mwili Kwanza

Mbwa mchanga akitapika mara moja kisha akaendelea kucheza na kunywa maji, mara nyingi hana tatizo kubwa. Huenda alikula kwa pupa au alibadilishiwa chakula ghafla. Hali huwa nyingine kabisa anapotapika mfululizo, hasa akiharisha pia, kwa sababu mwili wake mdogo hauna akiba kubwa ya maji wala ya sukari, na upungufu huo unaweza kumwangusha kabla mwili haujapata nafasi ya kupambana na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza amekula nini, mfugaji apime kwanza kiasi cha maji alichopoteza.

Kipimo kizuri kiko mdomoni. Inua mdomo wa juu uguse ufizi: wa mbwa mwenye afya una majimaji na huteleza, ilhali wa mbwa aliyepungukiwa maji hunata kwenye kidole. Kisha bonyeza ufizi juu ya jino hadi uwe mweupe, uachie. Rangi yake inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2, na ikichelewa, damu haizunguki inavyotakiwa. Wengi hupima kwa kuvuta ngozi ya mabegani na kuangalia kama inarudi upesi, lakini ngozi ya mbwa mchanga sana au aliyekonda hudanganya, hivyo nashauri ufizi uaminiwe zaidi. Ikumbukwe kwamba dalili hizi huanza kuonekana mwili ukiwa umeshapoteza maji yanayokaribia asilimia 5 ya uzito wake. Macho yakibonyea na miguu ikiwa baridi, hali imeshakuwa ya hatari.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumwekea bakuli lililojaa. Mwenye kiu hunywa yote kwa mkupuo, tumbo hutanuka, naye hutapika upya. Mpe kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika 10 hadi 15, cha maji safi au cha ORS inayotumiwa na watu (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza. Pasipo na pakiti, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na usizidishe chumvi kwa sababu humdhuru. Ukitumia bomba lililotolewa sindano, lielekeze pembeni mwa shavu na umpe muda wa kumeza. Asiyeweza kuinua kichwa asinyweshwe kwa nguvu, kwa maana maji yataingia mapafuni; mpake asali kidogo kwenye ufizi ili kupandisha sukari ya damu, mfunike apate joto, na umpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja.

Akikaa saa chache bila kutapika, mrudishie chakula laini kwa kiasi kidogo, kwa mfano kuku wa kuchemsha asiye na mafuta wala viungo. Kumnyima mbwa mchanga chakula siku nzima si salama. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac zisitumike kabisa, na hata dawa ya kuzuia kutapika iachwe hadi daktari athibitishe kwamba hakuna kitu kilichoziba utumbo. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au kwenye njia ya haja, usiuvute, kwa kuwa unaweza kukata utumbo kwa ndani.

Anayetapika hata kijiko hicho kimoja cha maji, mwenye damu katika matapishi au kinyesi, mwenye tumbo lililojaa na kuuma, au aliyekula sumu, amefikia mahali pa kuhitaji dripu, na apelekwe siku hiyohiyo. Kuharisha damu yenye harufu kali kwa mbwa mwenye umri wa wiki 6 hadi miezi 6 ambaye hajakamilisha chanjo kunatia shaka ya parvo, ugonjwa wa kirusi uliotambuliwa mwaka 1978. Hauna dawa ya kuua kirusi hicho iliyozoeleka. Anayepona huokolewa na maji ya mshipani, dawa za kutuliza kutapika na uangalizi wa karibu, na ndiyo maana kila saa ya kuchelewa ina gharama yake.

Chanjo ya parvo huanza katika wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Marudio hayo yana sababu: kinga aliyopewa na mama yake huweza kuzima chanjo za mwanzo, na haijulikani ni lini hasa itaisha kwa kila mtoto. Dawa ya minyoo nayo ianze akiwa na wiki 2, irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 8.

Palipougua mbwa mwenye parvo, ondoa kinyesi chote, osha kwa sabuni, kisha mwagia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, na uiache dakika 10 kabla ya kusuuza. Udongo hauwezi kusafishwa hivyo, na kirusi huweza kudumu humo kwa miezi mingi. Kwa hiyo usimlete hapo mbwa mwingine mchanga mpaka amalize chanjo zake zote.