Somo: Kuteremka kwa Skii Siku ya Baridi Kali na Upepo

Somo hili ni kwa wanachama wenzetu wenye asili ya Afrika Mashariki walioko kaskazini-mashariki mwa Marekani na Kanada, ambao wameshajifunza kugeuka na kusimama kwenye skii (vibao virefu vya kutelezea juu ya theluji) katika siku tulivu, na sasa wamelipia tiketi ya siku ambayo utabiri wa hewa unaonyesha baridi kali na upepo. Nitautumia mlima Whiteface, ulioko Wilmington katika jimbo la New York, karibu na Lake Placid, kwa kuwa ndio ninaopanda kila msimu. Mlima huo umejitenga na vilele vingine virefu vya safu ya milima ya Adirondack, hivyo upepo huufikia bila kukingwa, na wazoefu wameupachika jina la "Iceface", yaani uso wa barafu. Hapo ndipo yalipofanyika mashindano ya kuteremka ya Olimpiki ya mwaka 1980, michezo ya kwanza ya Olimpiki kutumia theluji ya mashine. Hata leo njia nyingi za mlima huo hutandikwa theluji hiyo, ambayo hushikamana na kuwa ngumu kuliko ile inayoanguka kutoka mawinguni.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya upepo kabla ya kutoka nyumbani

Watu wengi hutazama kiwango cha joto pekee, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Kituo cha juu kabisa cha lifti za Whiteface, yaani viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma na kuwapandisha watu mlimani, kiko takriban mita 965 juu ya mahali unapoanzia, na joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kila upandapo mita 1,000. Chini kukiwa na nyuzi 14 chini ya sifuri, juu utakuta takriban nyuzi 20 chini ya sifuri. Sasa ongeza upepo wa kilomita 45 kwa saa: ngozi iliyo wazi itapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 35 chini ya sifuri, na kwa kiwango hicho inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Sababu yake ni kwamba mwili hujitengenezea tabaka jembamba la hewa yenye joto juu ya ngozi, na upepo hulipeperusha kila linapojijenga upya.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kasi yako mwenyewe ni upepo. Ukiteremka kwa kilomita 40 kwa saa siku ambayo hakuna jani linalotikisika, uso wako unapigwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa. Ukiteremka kuelekea unakotoka upepo, kasi hizo mbili hujumlishwa.

Hatua ya pili: vaa kwa ajili ya jasho na upepo

Fulana ya pamba, ambayo sisi tuliokulia Tanga au Mombasa tunaisifu kwa kunyonya jasho, ndiyo ya kwanza kubaki kabatini, kwa sababu jasho ililolinyonya litabaki kifuani na kupoa mara tu utakapoketi kwenye lifti. Anza na vazi jembamba la sufu au la nyuzi za plastiki linalobana mwili, kisha vazi la manyoya mepesi, kisha koti na suruali visivyopenyeza upepo. Vaa soksi moja tu ndefu, kwani soksi mbili hubana mguu ndani ya buti na kuzuia damu kufika vidoleni. Glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja katika mfuko mmoja huhifadhi joto kuliko zile zinazotenganisha kila kidole. Vua hereni za chuma.

Usoni pasiwe na ufa kati ya helmeti, miwani ya theluji na kitambaa cha shingoni, na kitambaa hicho uwe nacho cha akiba mfukoni, kwa sababu pumzi hukilowanisha na kukigandisha. Miwani usiipandishe juu ya paji la uso wakati wa kupumzika, maana jasho la kichwani litaijaza ukungu na ukungu huo utaganda.

Hatua ya tatu: jihadhari na lifti kuliko mteremko

Katika kuteremka misuli inafanya kazi na kuzalisha joto. Katika kiti cha lifti umekaa kimya, miguu inaning'inia, na upepo unakupiga ubavuni mita kadhaa juu ya miti. Mimi mwenyewe niliwahi kuganda ncha ya sikio kwa sababu helmeti yangu ilikuwa imesogea kidogo, na ilitokea kwenye kiti cha lifti, wala si mtelemkoni. Upepo ukizidi, waendeshaji hupunguza mwendo wa lifti, hivyo utakaa hewani muda mrefu zaidi ya uliozoea. Ukizidi zaidi, hufunga lifti za juu kabisa. Uliza hali hiyo kabla ya kupanda. Ukishaketi, legeza vifungo vya buti, chezesha vidole, na geuza mgongo upande unakotoka upepo.

Hatua ya nne: chagua njia na uteremke kwa utulivu

Njia za chini zilizozungukwa na miti ndizo zenye nafuu siku kama hiyo, hata kwa mtu mwenye uwezo wa kuteremka njia za alama nyeusi ya almasi, yaani zile ngumu. Juu, upepo hufagia theluji kutoka mgongo wa mlima na kuacha barafu tupu, kisha huirundika mahali palipojificha, kwa hiyo katika kona moja skii zinaweza kutoka kwenye barafu na kuzama ghafla katika rundo laini. Kunja magoti, elekeza uzito kwenye skii iliyo upande wa bonde, wala usiegemee nyuma, kwani kuegemea nyuma hukunyima uwezo wa kugeuka. Kingo za skii zinolewe siku moja kabla. Theluji inayopeperuka ikifuta vivuli vyote, fuata ukingo wa njia, ambako miti itakuonyesha ardhi inavyoinama, na ukisimama, simama pembeni, mahali ambapo anayetoka juu anakuona. Teremka mara mbili, kisha ingia ndani upate joto.

Hatua ya tano: kaguaneni nyuso

Kila mnapofika juu, tazamaneni pua, mashavu na masikio. Vitabu vingi husema utafute doa jeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi doa hilo mara nyingi huonekana la kijivu, kama ngozi iliyopauka. Ukiliona, au mwenzako akisema pua imekufa ganzi, lifunike kwa kiganja chenye joto na mteremke kuingia ndani. Msisugue, na kamwe msipake theluji.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Minnesota: Ndugu mwalimu, je, mafuta ya mgando yaliyopakwa usoni yanazuia ngozi kuganda?

Jibu: Hayazuii, ndugu yangu. Yanaweza kukufanya uhisi joto ambalo halipo, ukachelewa kujikinga. Kitambaa kikavu ndiyo kinga.

Mwanachama wa Ontario: Nimesikia kwamba sisi watu weusi tunadhurika zaidi na baridi. Ni kweli, au ni njia ya kutufukuza mlimani?

Jibu: Uchunguzi katika majeshi ya Marekani na Uingereza umeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe. Nalisema wazi kwa sababu kulificha hakutusaidii: tuingie ndani mapema zaidi, basi. Lakini mchezo huu ni wetu pia. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika kuteremka kwa skii kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018.

Mama mmoja wa Vermont: Shikamoo kaka. Mwanangu ana miaka saba, naye hataki kubaki nyumbani.

Jibu: Marahaba, dada. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko wetu, na mtoto anayefurahia mchezo hasemi kwamba vidole vinauma. Mimi simpeleki mtoto ikiwa baridi pamoja na upepo imevuka nyuzi 25 chini ya sifuri. Ikiwa imekaribia hapo lakini haijafika, mbakishe kwenye lifti fupi, umvue glavu na kumkagua vidole ndani ya jengo kila baada ya nusu saa.

Mwanachama wa Boston: Konyagi kidogo kabla ya kupanda?

Jibu: Hapana. Pombe hutanua mishipa ya ngozi, ukahisi joto huku mwili ukilipoteza, na inapunguza umakini wako kwenye barafu. Beba chai ya tangawizi kwenye chupa, na simu uiweke mfuko wa ndani karibu na kifua, maana betri huisha haraka kwenye baridi nawe utaihitaji ukitaka kuwaita waokoaji.