SOMO: Kuanza kozi ya programu za kisayansi kwa Python (mwaka wa kwanza, someni kabla ya kuuliza)

Wadau, kila muhula ukianza napata ujumbe uleule, tena usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi zoezi la kwanza. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, na inaniuma kuona mtu anayejua hesabu vizuri anaikimbia kozi kwa sababu ya mambo ya kusakinisha tu. Naandika hapa mara moja.

1. Pakua Python kutoka python.org. Wa Windows, dirisha la kwanza likiwa na kisanduku kinachotaja PATH (orodha ya mahali Windows inapotafuta programu), weka tiki kabla ya kuendelea.

2. Tengeneza folda ya kozi. Jina lisiwe na nafasi katikati.

3. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) ndani ya folda hiyo, utengeneze mahali pa pekee pa kuweka maktaba za kozi. Andika: python -m venv mazingira
Kisha, wa Windows: mazingira\Scripts\activate
Mac na Linux: python3 -m venv mazingira, kisha source mazingira/bin/activate

4. Sakinisha maktaba mbili, numpy ya hesabu na matplotlib ya kuchora grafu: pip install numpy matplotlib

5. Jina la faili. Hapa someni polepole. Faili langu la kwanza kabisa nililiita numpy.py, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa tunajifunza wiki ile. Kompyuta ikasema numpy haina linspace (amri yake ya kupanga namba kwa nafasi sawa). Nikafuta kila kitu nikasakinisha upya, mara tatu, bando likaisha, siku mbili zikapita, na zoezi sikulikabidhi. Kumbe Python ikikutana na neno import huanza kutafuta kwenye folda ya faili unaloliendesha, ndipo iende kwenye maktaba ulizosakinisha. Ilikuwa inasoma faili langu, ambalo linspace haimo. Kwa hiyo usiite faili numpy.py, matplotlib.py, random.py wala statistics.py. Angalieni pia: faili hilo likibaki kwenye folda, hata programu zako nyingine za folda ileile zitaharibika, ingawa zenyewe hazina kosa. Na Windows huficha herufi za mwisho (.py), hivyo utaona "numpy" tu na usishtuke. Ukiwa na shaka, andika import numpy, halafu print(numpy.__file__). Ikikuonyesha folda yako ya kozi, mchawi umempata. Badilisha jina la faili, usisakinishe chochote.

6. Jaribu na hii, iite jiwe.py:

import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt
t = np.linspace(0, 4, 200)
y = 20*t - 4.905*t**2
print(y.max())
plt.plot(t, y)
plt.savefig("jiwe.png")

Ni jiwe lililorushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde. Kabla ya kuiendesha, chukua karatasi upige 20² gawanya kwa 2 × 9.81. Utapata kama mita 20.39. Programu ikikupa namba iliyo mbali na hiyo, umekosea kuandika. Tabia hii ya karatasi kwanza ishikeni mpaka mnamaliza chuo.

MASWALI

Mdau: Mkuu haifanyi kazi, nisaidie haraka.

Jibu: Haifanyi kazi hatua ya ngapi? Mstari wa mwisho wa kosa unasemaje? Unakili hapa.

Mdau: Imeandika maandishi mekundu mengi, sijayasoma.

Jibu: Yasome. Siwezi kukusomea kilicho kwenye kioo chako.

Mdau mwingine: Kwangu hatua ya 3 inakataa, inasema kuendesha skripti kumezuiwa.

Jibu: Uko PowerShell, ambayo Windows huizuia isiendeshe skripti. Fungua cmd ya kawaida, amri ileile itapita. Asante kwa kuleta ujumbe wenyewe.

Mdau: Kaka, nimeandika t = 0, halafu while t != 1: t = t + 0.1. Haisimami. Kwa karatasi ni hatua kumi tu. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri sana hili. Kompyuta huandika namba kwa msingi wa mbili, na 0.1 katika msingi huo haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho kwa desimali zetu. Inakatwa. Ukijumlisha mara kumi unapata 0.9999999999999999, t inapita 1 bila kuigusa, na mzunguko unaendelea. Hesabu hatua kwa namba kamili, au tumia linspace; ukilinganisha, tumia np.isclose, inayoangalia kama namba mbili zinakaribiana. Wala si jambo dogo. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa kuzuia makombora uitwao Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Scud na askari 28 wa Marekani wakafa. Saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 ilikuwa imekatwa kwenye biti 24. Baada ya saa kama 100 bila kuzimwa ilikuwa imepotea kwa theluthi moja ya sekunde hivi. Jaribu 0.125 badala ya 0.1 uniambie unaona nini.

Mdau: Inasimama! Kwa sababu 0.125 ni moja ya nane?

Jibu: Ndiyo hasa. Nane ni mbili kipeo cha tatu, kwa hiyo moja ya nane inaandikika kamili.

Mdau: Sisi wa hosteli bando ni shida, kila mtu apakue?

Jibu: Hapana. Mmoja aandike pip download numpy matplotlib -d mzigo, wengine wanakili folda kwa flashi, kisha: pip install --no-index --find-links mzigo numpy matplotlib. Toleo la Python na aina ya mfumo viwe sawa na vya aliyepakua.

Mdau: Tumefanya watu sita kwa flashi moja, imekubali. Mmoja wa Mac imemkatalia.

Jibu: Huyo apakue yake.