Ukurasa usionekane Google: usianze na robots.txt

Ninatunza tovuti ya chama cha akiba cha waendesha boda hapa Busia, upande wa Uganda. Siku moja mwanachama alinijia na simu mkononi. Alikuwa ametafuta jina lake kwenye Google, ikatokea PDF ya chama yenye jina lake, namba yake ya simu na deni lake. "Dada, mkwe wangu ameshaiona," akasema. PDF hiyo niliipandisha mimi, kwa ajili ya mkutano mkuu.

Kwa haraka niliandika hivi ndani ya robots.txt, faili la maelekezo kwa roboti, yaani programu za Google zinazopita kusoma tovuti:

Disallow: /wanachama.pdf

Wengi hufanya hivyo, na ndipo tunapokosea. Mstari huo huiambia roboti isiingie, lakini hauikatazi kuitaja anwani. Ukurasa mwingine ukiwa na linki ya kwenda pale, Google inaweza kuendelea kuionyesha anwani hiyo bila maelezo. Isitoshe, robots.txt husomwa na yeyote, kwa hiyo unakuwa umewaonyesha watu mahali ulipoficha.

Kwa ukurasa wa kawaida, weka hii ndani ya head, sehemu ya juu ya HTML isiyoonekana kwa msomaji; noindex maana yake usiuonyeshe kwenye matokeo:

<meta name="robots" content="noindex">

Kisha ondoa Disallow ya ukurasa huo. Hapa naomba usome taratibu: roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuusoma mstari wa noindex ulio ndani. Lazima uiache iingie, isome, ndipo iuondoe ukurasa. Na usiandike noindex ndani ya robots.txt, Google iliacha kuifuata tangu tarehe 1 Septemba 2019, ingawa ushauri huo bado unazunguka.

PDF haina head. Kwa hiyo agizo hulitoa seva yenyewe. Kwa seva ya Apache yenye moduli ya mod_headers, andika kwenye .htaccess, faili la mipangilio ya seva:

<Files "ratiba.pdf">
Header set X-Robots-Tag "noindex"
</Files>

Nimeandika ratiba kwa makusudi. Orodha ya watu na madeni yao haitoshi kuwekewa noindex, kwa kuwa mwenye linki bado ataifungua. Ile yetu niliifuta kabisa kwenye seva, na mpya iko nyuma ya nywila. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na hata isingekuwepo, yule kijana alituamini.

Baada ya kufuta, usikae kusubiri roboti irudi kwa wakati wake. Ingia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, thibitisha kwamba tovuti ni yako, nenda sehemu ya Removals, bandika anwani kamili. Matokeo hufichwa kwa muda wa miezi 6 hivi tu. Kama faili bado lipo wazi, litarudi. Bing ina Webmaster Tools yake, ombi lake ni tofauti.

Halafu hakikisha. Tafuta site: ikifuatwa na anwani ya tovuti, bila nafasi katikati. Tafuta majina machache ya wanachama. Mimi hutafuta na namba zao za simu pia, mara moja kwa 07 na mara moja kwa +256, maana kwenye orodha zetu zimeandikwa kwa namna zote mbili.