Somo: Piano inalia "zzz", mlio unatoka wapi?

Kabla hujashika bisibisi, ondoa kila kilicho juu ya piano: chombo cha maua, fremu, funguo za kanisa.

1. Tafuta noti. Piga kii zote 88 moja moja, kwa nguvu, na kila moja iache ilie mpaka iishe. Mlio wa ovyo huitikia noti moja au chache tu. Ziandike.

2. Tafuta msaidizi. Apige noti hiyo mfululizo, wewe zunguka chumba ukibonyeza kwa kiganja: vioo vya luva, mlango wa kabati, taa, sahani ya drams. Ukigusa kitu mlio ukakata, mwizi ndiye huyo. Msako mwingi huishia hapa bila kufungua piano, ila watu huiruka hatua hii kwa sababu sikio linadanganya: kioo kilicho upande wa pili wa ukumbi husikika kana kwamba kiko ndani ya piano.

3. Piano yenyewe. Bonyeza mfuniko, bawaba, ubao wa chini penye pedeli. Kaza skrubu zilizolegea. Mulika ndani kwa tochi; sarafu na penseli hupenda kujificha humo.

4. Nyuma. Ubao wa sauti, ule mpana ulio nyuma ya nyuzi, umegandishwa mbavu, yaani fito za mbao. Sukuma kila ubavu kwa kidole gumba noti ikipigwa. Mlio ukikata, gundi imeachia. Ufa peke yake si lazima ulie. Kinacholia ni kingo zinazogusana.

Nyuzi za besi zilizozungushiwa shaba zikilegea, mwachie fundi. Nyuzi zote kwa pamoja zinavuta tani 15 hadi 20.

Maswali

*Mafinga:* Shikamoo mwalimu. Yetu inalia kiangazi, mvua zikianza inatulia. Tuiache?

Marahaba. Msiiache. Hewa kavu ya Juni hadi Oktoba inasinyaza ubao, unyevu unauvimbisha na kuficha tatizo. Mwite fundi kiangazi hichohicho, akija Januari hatasikia kitu.

*Iringa mjini:* Bawaba niipake mafuta ya cherehani?

Hapana. Chomoa pini yake, ipinde kidogo sana, irudishe. Mafuta yakifika kwenye pini za kukazia nyuzi, tuni haitakaa.

*Uyole:* Cha kwetu ni kinanda cha umeme.

Hatua ya 1 na ya 2 zinakuhusu. Kisha vaa hedfoni. Mlio ukipotea, kagua spika na stendi.