Somo: Namna ya kuchagua tripodi inayotulia kweli

Kuna picha niliyoipiga alfajiri, shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) ikiwa wazi kwa nusu sekunde. Kwenye skrini ya kamera ilionekana safi kabisa. Nilipoifungua kwenye kompyuta na kuikuza, kila jani lilikuwa na kingo mbili. Lenzi haikuwa na kosa, wala sikuwa nimeigusa kamera. Miguu ya tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu niliyoifungia kamera, ndiyo iliyokuwa ikitetemeka. Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza kwa tripodi yoyote ni hili: ikiguswa, inachukua muda gani kutulia?

Hatua ya 1: Jua mzigo wako. Pima kamera pamoja na lenzi yako nzito kuliko zote. Kilo zinazoandikwa kwenye boksi zisikudanganye. Kila mtengenezaji hupima kwa njia yake, na kubeba mzigo bila kuanguka si sawa na kuubeba bila kutikisika. Mimi huchukua tripodi iliyoandikwa angalau mara mbili ya mzigo wangu, na kwa lenzi ndefu mara tatu. Lenzi ya milimita 400 hukuza mtikisiko kama inavyomkuza ndege.

Hatua ya 2: Pima kimo bila nguzo ya katikati. Ukiipandisha nguzo ile, kamera inakuwa imekaa juu ya mguu mmoja, na hapo faida ya miguu mitatu inapungua sana. Chukua urefu wako, toa sentimita 10 hivi kufika machoni, kisha toa kama 20 za kichwa cha tripodi (sehemu ya juu inayoshika kamera) na kamera yenyewe. Mtu wa sentimita 170 anahitaji miguu inayofika karibu 140. Ikizidi kidogo ni afadhali, maana kwenye mteremko kuna mguu utakaohitaji kurefuka zaidi.

Hatua ya 3: Kagua miguu. Tazama kipande cha chini kabisa, kwa sababu ndicho chembamba kuliko vyote. Vipande vitatu kwa kila mguu huwa imara kuliko vinne au vitano vya unene uleule wa juu, ila tripodi ikikunjwa inabaki ndefu. Aluminiamu ni nzito na bei yake ni nafuu; nyuzi za kaboni ni nyepesi, humeza mtetemo vizuri zaidi, na hazigandishi vidole kwenye baridi. Vifungio vya klipu au vya kuzungusha, chagua unavyovipenda.

Hatua ya 4: Chagua kichwa. Kwa mandhari na picha za watu, kichwa cha gololi kinatosha: unalegeza, unaelekeza, unakaza. Kwa majengo, kichwa chenye mikono mitatu ni bora kwa kuwa kila mkono unarekebisha upande mmoja tu. Lenzi kubwa za wanyama zinataka gimbali, yaani kichwa kinachosawazisha lenzi nzito ili igeuke kwa urahisi. Kichwa chochote utakachochukua, kaza kamera, weka kitu kidogo katikati ya fremu, kisha achia. Kitu kile kikihama baada ya kukaza, kichwa kinalegea. Kirudishe.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kulipa. Refusha miguu yote, funga lenzi yako ndefu, kuza picha kwenye skrini mpaka mwisho, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Tazama picha inavyocheza. Ikitulia mara moja, unayo tripodi. Ikiendelea kuyumbayumba huku unahesabu moja, mbili, tatu, iache hata kama inapendeza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwenye upepo nitundike begi chini ya nguzo?*
Ndiyo, lakini liguse ardhi kidogo. Likining'inia litabembea na kuitikisa kamera. Ukiweza, shusha tripodi pia, ukianza kufupisha vipande vyembamba.

*Tripodi yangu ni nzito na imara, mbona picha bado zina ukungu?*
Kwanza zima kitulizi cha picha (mfumo wa lenzi au kamera unaopunguza mtikisiko wa mkono), maana baadhi ya lenzi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta zenyewe. Pili, tumia kipima muda cha sekunde 2 badala ya kubonyeza kwa kidole. Kama kamera yako ina kioo cha ndani, kiinue kabla ya kupiga: mshtuko wake huonekana zaidi shata ikiwa kati ya 1/30 ya sekunde na sekunde 1. Kwenye picha ya sekunde 30 mshtuko ule ni sehemu ndogo mno ya muda wote.

*Lenzi yangu ina pete yenye mguu. Nifunge kamera au pete?*
Funga pete, ndugu yangu. Uzito unakaa katikati, na sehemu ya kamera inayoshika lenzi haivutwi.

*Naisimamisha kwenye maji ya bahari. Itaoza?*
Chumvi na mchanga huingia kwenye vifungio. Siku hiyohiyo isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, fungua miguu, ikaushe vipande vikiwa vimeachana, kisha paka grisi kidogo kwenye mizunguko ya skrubu ya vifungio. Usiikunje ikiwa na unyevu.