Kalprotektini imepanda? Usikimbilie kuandika jina la ugonjwa

Kuharisha damu miezi mitatu, suruali inafungwa kwa kamba, metronidazoli, dawa ya amiba, imeshamezwa raundi nne. Mgonjwa wa namna hii akivuka ziwa kutoka visiwa vya Ukerewe au Kome kuja Mwanza, siku hizi daktari anaweza kumwandikia kipimo kimoja tu: kalprotektini ya choo. Kukiandika si kosa, ila kuanzia hapo ndiko kunakotupoteza. Ninafanya kazi ya maabara, na huu ndio mpangilio ninaoufuata. Nawaandikia wenzangu wa benchi pamoja na madaktari wa vituo vya kandokando ya ziwa.

Kwanza tujue tunachopima. Kalprotektini ni protini iliyojazana ndani ya neutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazowahi kufika palipowaka. Karibu asilimia 60 ya protini iliyo kwenye saitoplazimu yake ni hiyo hiyo. Fagerhol na wenzake wa Norwei ndio walioielezea mwaka 1980. Utumbo ukivimba, neutrofili hupenya ukutani, hufia humo, na kalprotektini hutoka na choo. Kipimo kinakuambia neutrofili zimekuja. Nani kaziita, hakijui: ugonjwa wa Crohn huziita, kolaitisi ya vidonda huziita (yote mawili ni magonjwa ya utumbo kuvimba kwa muda mrefu), na shigela, bakteria wa maji ya ziwani, nayo huziita.

Hatua ya 1: Maliza kwanza na wenyeji

Wenyeji wa huku ni kichocho cha tumbo, amiba, bakteria wa kuhara damu na TB ya utumbo.

Kwa kichocho tumia Kato-Katz, njia ya kupaka choo kilichopimwa kwenye slaidi na kuhesabu mayai. Kidude cha kupimia chenye tundu hubeba miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo mayai unayohesabu kwenye slaidi unayazidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu moja. Yai la mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, hulikosei: refu, la duaradufu, na mwiba ubavuni. Ukiona matatu, ni mayai 72 kwa gramu, maambukizi mepesi. Choo cha maji hakifai kwa njia hii. Tena usiridhike na slaidi moja tupu, kwa sababu mayai hayatoki sawa kila siku. Rudia na choo cha siku nyingine.

Hapa kuna mtego. Ukanda huu watu wengi wana kichocho bila kujijua, hivyo kuona mayai si ushahidi kwamba ndiyo yanayomharisha damu miezi mitatu. Apewe prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo ya uzito, kisha arudi. Damu ikiendelea, safari ya uchunguzi haijaisha. Nimeona wagonjwa wakizungushwa mwaka mzima kwa sababu kila wakipima, yai linaonekana, na kila mtu anaridhika.

Amiba ndiyo inayonikera zaidi. Majibu ya "amiba +" yanatoka kama karanga. Choo kiangaliwe kikiwa cha moto, ndani ya nusu saa, na ukitaka kusema amiba inashambulia utumbo, nionyeshe trofozoiti, yaani amiba hai inayotembea, iliyomeza chembe nyekundu za damu. Sisti, yaani amiba iliyojifunga ndani ya ganda, peke yake haitoshi, maana chini ya hadubini sisti ya *Entamoeba histolytica* na ile ya *dispar* isiyodhuru hazitofautiani.

Otesha choo kama maabara yako ina uwezo. Pima VVU. Mwenye homa za jioni na kupungua uzito atafutwe TB, kwa sababu TB ya utumbo na Crohn hufanana hata kwenye kamera ya kuingizwa utumboni, na mara nyingi ni kinyama kilichokatwa ukutani mwa utumbo ndicho kinachozitenganisha, nacho wakati mwingine hakisemi waziwazi. Haraka ina gharama. Prednisoloni ukimpa mwenye amiba, TB, au mnyoo wa strongiloidi, unaweza kumuua.

Hatua ya 2: Uliza dawa

Hili nilijifunza kwa aibu. Mvuvi mmoja wa dagaa aliletwa na kalprotektini ya mikrogramu 310 kwa gramu, ambayo ni ya juu, choo hakina mdudu, damu haionekani. Nilitoa majibu, daktari akaanza kuzungumzia Crohn. Siku aliporudi nilimkuta kwenye benchi la kusubiria amejishika kiuno.

"Shikamoo baba. Mgongo huo?"

"Marahaba mwanangu. Nyavu hizi. Bila diklofenaki siamki."

Alikuwa anameza mbili kwa siku tangu mwaka uliopita. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua utumbo na kupandisha kalprotektini. Aliziacha kwa ushauri wa daktari, na wiki sita baadaye tukapata 45. Tangu hapo, kwenye fomu yangu kuna mstari wa dawa za maumivu na wa omeprazoli, ambayo nayo inaweza kukipandisha kipimo. Mstari ukiwa mtupu, nampigia simu aliyeandika fomu. Pakiwezekana, mgonjwa akae wiki mbili au zaidi bila dawa za maumivu ndipo alete choo.

Hatua ya 3: Kopo na safari yake

Choo cha kwanza cha asubuhi, ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha, ndani ya kopo safi lisilo na dawa yoyote. Kisichanganyike na mkojo. Mweleze mgonjwa kwa maneno ya kawaida, usimkabidhi kopo ukanyamaza. Nimeshapokea sampuli ndani ya kopo la mafuta ya mgando, mafuta yenyewe bado yamo.

Kalprotektini ni mvumilivu kuliko protini nyingi, lakini joto linaila polepole. Kopo lililokaa siku nne kwenye mfuko wa nailoni likisubiri meli litatoa namba ya chini kuliko ukweli. Sheria yangu: lifike ndani ya siku 3, liwe limekaa kwenye friji kama ipo, na likichelewa zaidi ya hapo ligandishwe. Andika saa ya kujisaidia, si saa ya kupokelewa peke yake.

Hatua ya 4: Kupima uzito na kuyeyusha

Kosa kubwa hutokea hapa, na mashine haina lawama. Koroga choo chote kwanza, kwa sababu ute na damu havikai sawasawa. Ukichota kwenye ute tu, namba itakudanganya. Kwa kitendanishi kinachotaka uwiano wa 1 kwa 50, ukipima miligramu 80 weka mililita 3.92 za bafa (maji ya kuyeyushia), yaani uzito mara 49. Tikisa mpaka kiyeyuke, zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu. Kile kijiti cha kuchotea chenye mifereji ni kizuri kwa choo kigumu. Kwa choo cha majimaji hakishiki kitu, tumia pipeti.

Hatua ya 5: Kusoma namba

Kwa mtu mzima, chini ya mikrogramu 50 kwa gramu: kuvimba kwa utumbo kuna uwezekano mdogo sana, na tumbo la kujisokota bila kidonda ndilo la kufikiriwa. Zaidi ya 250: kuna moto, na kama umeshamaliza hatua ya 1 na ya 2, mgonjwa anastahili kamera na kinyama. Kati ya 50 na 250 ni ukungu. Rudia baada ya wiki chache. Watoto wa chini ya miaka 4 hupanda wenyewe bila ugonjwa, usiwapime kwa rula ya wakubwa. Mzee wa miaka 60 anayetoa damu apelekwe kwenye kamera hata namba ikiwa ndogo, kwa hofu ya saratani.

Hatua ya 6: Damu iende pamoja

CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwaka), picha nzima ya damu, albumini, feritini (kipimo cha akiba ya chuma). CRP hupanda ndani ya saa chache na nusu yake huondoka kwa saa kama 19, kwa hiyo inafuata hali ya leo. Lakini malaria huipandisha vibaya. Pima malaria kwanza. Tena usidanganywe na CRP ya kawaida, kwa sababu kolaitisi ya vidonda inaweza kuwaka vizuri tu CRP ikiwa chini ya 5. ESR, kasi ya chembe nyekundu kuzama, mimi siipi uzito: upungufu wa damu peke yake unaipandisha, na huku upungufu wa damu umejaa.

Feritini nayo hupanda mwili ukiwaka. Kwa hiyo feritini ya 80 yenye CRP ya juu bado inaweza kuwa ukosefu wa madini ya chuma. Mpaka wa 30, ambao chini yake tunasema chuma kimepungua, ni wa mtu asiye na moto, mwenye moto unasogea hadi 100.

ASCA, ambazo ni kingamwili dhidi ya hamira, huelekea Crohn; pANCA, kingamwili dhidi ya neutrofili, huelekea kolaitisi ya vidonda. Usimtoze mgonjwa fedha za kuzipeleka nje ya mkoa. Hazithibitishi ugonjwa, na ASCA haitenganishi Crohn na TB.

Hatua ya 7: Kumfuatilia aliyethibitishwa

Hapa ndipo kalprotektini inapolipa. Pima kabla ya kuanza dawa, halafu baada ya miezi 3 hivi, kisha kila miezi 3 hadi 6. Lengo ni kushuka chini ya 250, na chini ya 100 ni bora zaidi. Ikianza kupanda tena mara mbili mfululizo, mwite mgonjwa hata kama anakuambia yuko mzima, kwa sababu choo kinaweza kutangulia dalili. Mwenye azathiopurini, dawa ya kupunguza kinga, aangaliwe chembe nyeupe kila wiki mwanzoni, baadaye kila miezi 3, pamoja na ini.

Linganisha namba ya mgonjwa na namba yake mwenyewe, kwa kitendanishi kilekile. Vitendanishi vya kampuni mbili havikubaliani: choo kilekile kinaweza kutoa 180 huku na 400 kule. Nina daftari la jalada gumu. Kila mgonjwa ana ukurasa wake, na pembeni ya kila namba nimeandika aina ya kitendanishi na namba ya toleo. Mgonjwa akihamia Musoma au Bukoba, nampigia picha ukurasa huo aondoke nao.